Siku tano kati ya makanisa ya Mji Mkongwe

Simulizi hii nimeiandika wiki tatu baada ya kurejea Morogoro, kwa kuunganisha daftari lililolowa maji ya bahari na picha mia mbili na kitu zilizomo kwenye simu yangu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwamba Kiswahili sanifu kilisimikwa juu ya lahaja ya Kiunguja, kwamba mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio ulioichagua, na kwamba kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi yake mwaka 1930. Ninayasema hayo kwa kujiamini kabisa, ilhali mguu wangu haukuwa umewahi kukanyaga Unguja. Nilijua pia kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuiandika lahaja hiyo kwa herufi za Kirumi na kuipangia kanuni zake, Askofu Edward Steere, amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga mwenyewe mjini humo. Basi nilikwenda kulitazama kaburi. Mengine yote yaliongezeka njiani.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Morogoro hadi Unguja

Treni ya umeme iliondoka Morogoro alfajiri, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 13,000, na kabla sijamaliza chai niliyoibeba kwenye chupa tulikuwa tumeingia Dar es Salaam. Kutoka stesheni hadi bandarini nilitembea kwa miguu, jambo ambalo silipendekezi kwa mwenye begi zito, kwa sababu jua la asubuhi la pwani halimhurumii mtu aliyezoea upepo wa Uluguru.

Boti niliyokatia tiketi ilipaswa kuondoka saa sita na nusu mchana. Tulitangaziwa kwamba bahari imechafuka kwa sababu ya kusi na kwamba tusubiri, kisha tukatangaziwa hivyo hivyo mara mbili zaidi, bila yeyote kusema tusubiri hadi lini. Niliamua kutokasirika. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko ng'ambo ya barabara tu ukitoka bandarini, kwa hiyo nilivuka nikakaa ndani yake karibu saa nzima; lilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, wakati wa Wajerumani, na ubaridi wake mchana wa Dar es Salaam ni neema ya pekee. Baadaye nilisogea mbele kidogo hadi Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye vigae vyekundu na mnara ulioezekwa kama nyumba ya milimani, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1898. Haya mawili sikuyafuata kwa makusudi, wala sitayaeleza zaidi ya hapo, ila msafiri aliyecheleweshwa na boti na ajue kwamba yako jirani na hayana kiingilio.

Tuliondoka saa tisa kasorobo. Kwa nusu saa ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye heshima zake; baada ya hapo sikuwa. Mama mmoja wa makamo, aliyeniambia baadaye kwamba anatoka Wete, Pemba, na huvuka kila mwezi kwa biashara ya nguo, alinitazama mara moja tu, akafungua mkoba wake, akanipa ndimu iliyokatwa na mfuko wa plastiki. "Nusa hiyo, mwalimu, na utazame mbali, usitazame sakafu." Sikujua amejuaje kwamba mimi ni mwalimu. Alinijibu kwamba aliniona nikisahihisha kwa kalamu tangazo lililochapwa nyuma ya tiketi.

Wanaopanga kuvuka nawashauri mambo manne. Nauli ya daraja la kawaida kwa Mtanzania niliilipa shilingi 35,000, na mgeni wa nje hulipa zaidi tena kwa dola. Kitambulisho ni lazima hata kwa raia, maana hutakiwa tangu kwenye tiketi. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje huhitaji pia bima ya safari ya Zanzibar, ambayo ni dola 44, na ni vyema akailipia mtandaoni kabla hajafika. Na katika miezi ya kusi, kaa katikati ya boti, ghorofa ya chini, upande wa nyuma. Huko mbele waachie mabaharia.

Tuliposhuka Malindi, bandari ya Unguja, jua lilikuwa linazama. Nyumba ya wageni niliyoipangisha kwa simu ilikuwa Mkunazini, dakika kumi kwa mguu kwa maelezo ya mwenyewe, na mimi nilizunguka dakika hamsini nikiwa na ramani mkononi, nikipita mara tatu mbele ya baraza lile lile ambalo mzee mmoja mwenye kofia ya viua alikuwa amekaa akisikiliza redio. Mara ya tatu alinizimia redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mji huu hupotei, unachelewa tu. Unatafuta wapi?"

Aliinuka, akavaa makubadhi yake, akanisindikiza hadi mlangoni, akakataa hata soda. Chumba kilikuwa safi, shilingi 50,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, lakini maji hayakutoka bombani usiku huo wala asubuhi iliyofuata. Nililetewa ndoo mbili na maneno mengi ya kuomba radhi.

Siku ya pili, Ijumaa: Mkunazini

Kanisa Kuu la Kristo, ambalo wenyeji wengi huliita tu kanisa la Mkunazini, halijitangazi. Unapita duka la vitambaa, unapita muuza embe mbichi zenye pilipili, na ghafla ukuta unafunguka kwenye ua, na mbele yako kuna jengo refu la mawe ya matumbawe, lenye madirisha yaliyochongoka juu kama ya makanisa ya Ulaya na kingo za darini zinazofanana na za nyumba za Waarabu zinazolizunguka. Nilifika mapema kabla ya makundi ya watalii. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, hivyo kitambulisho hufaa tena hapa. Chukua mwongozaji wa pale pale uani, kwa sababu vitu vingi vya maana ndani ya kanisa hili ni vidogo, na macho yasiyoelekezwa huvipita.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana mpole, ambaye kwanza hakunipeleka kanisani bali kwenye shimo la mstatili lililo uani, ambamo wamesimama watu watano wa mawe, shingoni wamefungwa minyororo. Sanamu hizo zilichongwa na Clara Sörnäs wa Sweden mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini minyororo yenyewe, alisema, ni ya enzi ile. Nilichokiona ni kwamba nyuso zao hazimtazami mtazamaji na wala hazitazamani zenyewe kwa zenyewe. Tulikaa pale kimya kwa muda, kisha kikundi cha wanafunzi wa madrasa wenye kanzu nyeupe kikapita kando ya ukuta kikicheka, na kijana akasema tuendelee.

Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa la Unguja. Sultani Barghash bin Said, aliyebanwa na Waingereza na manowari zao, alitia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, waliokuwa wamehamia Unguja mwaka 1864 baada ya kushindwa na homa na vita kule bonde la Shire, walikuwa wakitafuta mahali pa kujenga. Sehemu ya kiwanja walipewa na mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Jambo hilo la mwisho lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu lina harufu ya mji huu hasa: kanisa la Waingereza, katika dola ya sultani Mwislamu, juu ya kiwanja cha Mhindu.

Chini ya jengo lililo upande wa mbele, ambalo sasa lina maonyesho ya historia ya utumwa, kuna vyumba viwili vya chini vyenye dari fupi, ambamo mtu wa kimo changu hawezi kusimama wima. Wageni huelezwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kunadiwa. Namshukuru kijana yule kwa kuwa mkweli: alinieleza kwamba jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni kama hospitali, baada ya soko kufungwa, na kwamba wako wanahistoria wanaopinga simulizi hiyo ya vyumba. Nilishuka, nikainama, nikatoka. Niliyaamini zaidi maonyesho ya juu, yenye maelezo marefu kwa Kiswahili na Kiingereza. Yape saa nzima, usiyapitie kama uchochoro.

Ndipo tukaingia kanisani, na hapo shingo yangu ndiyo iliyofanya kazi, maana jambo la kwanza ni paa. Ni tao moja refu, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa juu ya kuta, bila boriti hata moja. Katika mji ambao upana wa chumba hupimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko, watu walisubiri paa hilo liporomoke. Steere alichanganya saruji na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, akamwaga juu ya kiunzi cha mbao, na siku ya kuondolewa kwa kiunzi, kwa masimulizi ya kijana, hapakuwa na mtu aliyetaka kusimama chini yake. Krismasi ya 1877 ibada ilisaliwa humo kazi ikiwa bado haijaisha. Paa lipo hadi leo.

Mbele ya madhabahu, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu, linaloonyesha mahali uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Kushoto kuna msalaba mdogo wa mbao isiyo na urembo wowote, uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwezi Mei 1873. Watalii huupiga picha kwa ajili ya Livingstone. Mimi nilipokuwa nautazama nilikuwa nikiwafikiria watumishi wake, Susi na Chuma, walioukausha mwili wa bwana yule, wakaufunga kama mzigo wa nguo, wakaubeba pamoja na wenzao hadi Bagamoyo walikofika Februari 1874, miezi tisa njiani, ili ukazikwe Westminster. Nilimuuliza mwongozaji kama wana kumbukumbu yoyote ukutani. Alisema anawataja yeye kila siku.

Kaburi la Steere liko nyuma ya madhabahu, kama nilivyosoma. Alifariki mwaka 1882. Nilidhani ningesikia jambo kubwa moyoni, na kwa kweli sikusikia. Nilisimama pale nikijiona kama mtu aliyekwenda kumtembelea mkwe wake akamkuta amelala. Kilichonigusa kilikuwa mlangoni, karibu na birika la ubatizo, ambako kuna nguzo kumi na mbili za marumaru, na nguzo zile zimewekwa kichwa chini miguu juu. Askofu alisafiri, mafundi wakaletewa nguzo ambazo hawajapata kuziona, wakazisimamisha kwa namna waliyoona ndiyo sawa, yaani upande mpana wenye nakshi chini, ili zisianguke. Aliporudi aliziacha. Kwa muda mrefu nilikuwa nikilifikiria kanisa hili kuwa kazi ya mtu mmoja, na hata sarufi yake kuwa kazi ya mtu mmoja, ilhali hadithi alizozichapa alisimuliwa na wenyeji wa mji huu, na vijana waliokombolewa kutoka majahazini ndio walioifanya kazi ya mtambo wa kupiga chapa wa misheni. Nguzo zile ni saini ya watu ambao hawakuulizwa jina. Nilizipiga picha kumi na moja, na zote zimetoka na ukungu.

Saa sita mchana kijana aliniaga aende kuswali. Kwa msafiri wa Ijumaa: kuanzia saa sita na nusu hadi karibu saa nane maduka mengi hufungwa, na kutafuta chakula katika muda huo ni kujitesa. Kula mapema au kaa kivulini.

Alasiri nilikwenda Ngome Kongwe kutafuta kanisa ambalo halipo. Wareno walikuwa na kanisa dogo mahali hapo, lililojengwa kati ya mwaka 1598 na 1612, na Waomani walipowashinda na kuwafukuza katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome juu yake, wakitumia hata kuta zilizokuwepo. Nilizunguka ukuta mzima nikitafuta jiwe lolote lenye dalili ya Ukristo, hadi mlinzi akaniuliza kama nimeangusha kitu. Nilipomweleza, alinionyesha kwa kidole vipande vya ukuta wa zamani uani ambavyo husemwa kuwa vya Wareno, akasema: "Sisi tunalinda na hilo pia, mwalimu, ingawa halionekani." Jirani yake Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Sultani Barghash, imezungushiwa uzio tangu upande wake mmoja ulipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jioni nilikula urojo Forodhani, wenye bajia, kachori, chicha za nazi na ukwaju wa kutosha, shilingi 4,000, na mishikaki miwili ya pweza ambayo bei yake ilishuka nusu nilipoacha kuzungumza kibara.

Siku ya tatu, Jumamosi: Minara Miwili

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki huonekana kutoka baharini, kutoka juu ya paa lolote, na hata kutoka kwenye boti, lakini likifuatwa kwa miguu hutoweka. Vichochoro vya Baghani na Shangani ni vyembamba kiasi kwamba minara yake miwili hujificha nyuma ya nyumba hadi unapoigonga pua. Ndiyo sababu usiulize "Mtakatifu Yosefu" bali ulizia Minara Miwili, jina ambalo kila mtoto analijua.

Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa, nami nilikaa kwenye ngazi robo saa nikiamini nimefika siku mbaya. Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu la mikate ya ufuta alinihurumia. "Huo haufunguliwi hovyo, kaka. Zunguka nyuma, upite uani." Nilizunguka, na uani nikawakuta kina mama wanne wa parokia wakipanga maua ya Jumapili kwenye ndoo. Niliwasalimu, nikajitambulisha kuwa nimetoka Morogoro, na mmoja wao, aliyezaliwa Mgeta na kuolewa Unguja miaka thelathini iliyopita, aliacha maua yake na kunichukua mzimamzima.

Wakatoliki walifika Unguja kabla ya Waanglikana: padre Armand Fava na wenzake walikuja kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860, na baada yao wakaja Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walivuka kwenda kufungua misheni ya Bagamoyo. Kanisa hili la sasa lilijengwa na Wafaransa kati ya mwaka 1893 na 1898. Ndani, kuta zimechorwa picha za Agano la Kale, nazo zimefifia kwa chumvi na unyevu. Karibu na madhabahu rangi bado ina uhai, lakini kadiri unavyorudi nyuma ndivyo manabii wanavyogeuka vivuli, na kuna mmoja ambaye zimebaki ndevu tu. Vioo vya rangi na vigae vilitoka Ufaransa. Sikumkuta mtalii hata mmoja kwa saa mbili, na nadhani sababu ni kwamba hapa hakuna simulizi ya kutisha ya kuuza. Ni parokia tu. Kuna tangazo la kwaya, kuna kapu la vitu vilivyosahauliwa lenye miwani mitatu, kuna majina ya Kigoa kwenye mabamba ya ukutani, ya familia zenye asili ya Goa, India, ambazo wakati fulani zilijaza viti hivi, na nyingi zikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964.

Yule dada wa Mgeta alinipa chai na vitumbua sakristiani, akaniuliza bei ya maharage ya Uluguru. Nilipotaka kuchangia maua alinielekeza kwenye sanduku la sadaka, akanikataza kumpa yeye mkononi.

Jioni nilikwenda kumshukuru mzee wa baraza. Nilimkuta akinywa kahawa chungu. Alinimiminia kikombe, akaniuliza nimeona nini, na nilipomaliza kusimulia akasema nimeona chini tu. Akanipandisha ngazi nne za giza hadi juu ya paa lake la bati. Kule juu mji wote ulikuwa umelala kifudifudi: mabati yenye kutu, matangi ya maji, antena, minara ya misikiti, mnara wa Mkunazini upande mmoja na Minara Miwili upande mwingine, na bahari nyuma yake. Alinieleza yale niliyoyasikia kwa mwongozaji pia, kwamba saa ya mnara wa Mkunazini ilitolewa na Sultani Barghash kwa sharti kwamba mnara usiizidi Beit al-Ajaib kwa urefu. Yeye mwenyewe alisoma Kurani chini ya paa hilo hilo na utotoni alijua muda wa kurudi nyumbani kwa kuisikia saa ile. Kisha aliniomba jambo moja. Simu yake haina kamera ya kufaa, na wajukuu wake wako Muscat. Nimpige picha akiwa amesimama pale juu, mnara ukiwa nyuma yake. Nilimpiga tatu, giza likiwa linaingia. Adhana ya magharibi ilipoanza tulishuka.

Siku ya nne, Jumapili: Misa mbili na Mbweni

Misa ya kwanza niliisali Minara Miwili, alfajiri. Ilikuwa Misa kama ya kwetu, ila kiitikio kiliimbwa taratibu zaidi. Kutoka hapo nilitembea hadi Mkunazini kwa ibada ya Waanglikana, nikasimama nyuma karibu na nguzo zangu, na nikashangaa: ubani, kengele, mavazi, kupiga magoti, vyote vilinikumbusha nyumbani. Nilikuwa nimesahau kwamba Uanglikana wa Zanzibar ulilelewa na watu kama Askofu Frank Weston, aliyeliongoza jimbo hili kuanzia 1908 hadi 1924, ambao walikuwa wa mrengo unaokaribiana sana na Ukatoliki. Paa la Steere huirudisha sauti ya waumini kwa kuchelewa kidogo, hivyo kila "Amina" husikika mara mbili.

Baada ya chapati na maharage nilipanda daladala namba 505, la uwanja wa ndege, shilingi 600, nikaomba kushushwa njia ya Mbweni. Kutoka barabarani ni mwendo wa jua kali, na mimi nilikata kona isiyo yangu. Watoto wawili wenye baiskeli moja walinirudisha njiani, mmoja akiendesha polepole mbele yangu kama msafara wa rais.

Mbweni ni mahali ambapo misheni ilinunua shamba mwaka 1871 na kuwapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwanzoni mwa miaka ya 1880, ni dogo, la mawe yale yale ya matumbawe, lenye mnara uliochongoka na makaburi yaliyolizunguka chini ya miti. Ibada ilikuwa imekwisha. Mzee wa kanisa alikuwa akifunga madirisha, akayafungua tena kwa ajili yangu bila kunung'unika. Uani nililikuta kaburi la Caroline Thackeray, Mwingereza aliyefika hapa miaka ya 1870, akaongoza shule ya wasichana ya Mtakatifu Maria kwa takribani robo karne, na akafa mwaka 1926. Ni yeye aliyetoa mapambo ya vijiwe vya rangi yaliyo kwenye madhabahu ya Mkunazini, ambayo siku ya Ijumaa niliyapita bila kuuliza. Lakini makaburi mengi hapo ni ya watu wa kijiji, mengine yakiwa na msalaba wa saruji uliochorwa kwa kidole kabla haujakauka, na mengine yakiwa mwinuko tu wa mchanga wenye kombe za bahari pembezoni. Nilikaa hapo hadi mzee akaja kuniambia kwamba mbu wa Mbweni hawana dini.

Magofu ya shule ya wasichana yamo ndani ya eneo la hoteli ufukweni, kwa hiyo ruhusa huombwa mlangoni. Niliruhusiwa dakika ishirini. Matao yamesimama bila paa, na mizizi imeshika kuta. Ukisimama mahali palipokuwa darasa, bahari iko umbali wa kurusha chaki. Daladala la kurudi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na kondakta alinipa nafasi ya kukaa kwa kumwondoa mpwa wake.

Siku ya tano, Jumatatu: kurudi

Bahari ilitulia, boti iliondoka kwa saa yake, nami nililala njia nzima. Treni ya jioni ilinifikisha Morogoro kabla ya saa tatu usiku.

Kwa wanaopenda hesabu: treni kwenda na kurudi 26,000, boti 70,000, malazi ya siku nne 200,000, chakula kama 80,000, na viingilio, mwongozaji, sadaka na daladala 44,000; jumla shilingi 420,000, bila kuhesabu kanga niliyomnunulia mke wangu, ambayo tulikubaliana haimo kwenye hesabu. Anayekwenda na afike na nguo zinazofunika mabega na magoti, si kwa ajili ya makanisa peke yake bali kwa ajili ya mji, na asiulize bei ya chochote kabla hajasalimia.

Picha za mzee nilizisafisha Morogoro mjini, nikachagua iliyo bora, nikaikuza, nikaituma kwa mkono wa yule mama wa Wete, ambaye namba yake nilikuwa nayo tangu ile siku ya ndimu. Baada ya siku sita simu yangu ililia, namba nisiyoijua, ya jirani wa mzee yule.

"Mwalimu, picha nimeipata, nashukuru sana, nimetoka kijana," alisema. "Ila mnara umeukata kichwa. Utarudi lini uje uupige vizuri?"